Ruhusa ya kufungua taarifa za mkulima iingie kwenye hati ya makabidhiano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa sisi tunaofanya kazi katika vyama vya ushirika vya Nyanda za Juu Kusini limekuwa la kila siku, ingawa sijaona likijadiliwa hadharani kwa uzito unaolistahili. Jambo lenyewe ni hili: nani anaruhusiwa kufungua taarifa za mkulima, wakati taarifa hizo hazikai tena katika daftari lililofungiwa kabatini, bali zinatunzwa kwenye seva za mbali, katika kile tunachokiita mfumo wa wingu, na mtu anaweza kuzifungua kwa simu yake akiwa Tukuyu, Makambako au Dar es Salaam ilimradi ana jina la akaunti na nywila.

Mimi ni karani wa takwimu. Nilianza kazi hii kwa daftari na kalamu, nikahamia kwenye kompyuta moja ya ofisini, na sasa nafanya kazi katika mfumo wa wingu ambamo kila kituo cha mizani huingiza kilo zake, mhasibu huingiza madeni ya pembejeo, na jioni mkulima hupata ujumbe mfupi unaomweleza amepokelewa kilo ngapi. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayetaka turudi nyuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nimekaa katika ushirika muda wa kutosha kujua jinsi kilo zilivyokuwa zikiyeyuka kati ya mizani na kitabu bila mtu kuulizwa. Mfumo umetusaidia sana katika hilo. Ninachoandikia leo ni kwamba daftari lisilo na mlinzi nalo humpotezea mwenye mali kitu, tena kitu kisichoweza kurudishwa kwa fidia.

Nitaeleza lililotokea. Chama chenyewe sitakitaja, kwa sababu viongozi wake wa sasa si wale wa wakati huo, na kwa sababu naamini kasoro iliyokuwa kwetu ipo katika ofisi nyingi kuanzia Kyela hadi Mufindi.

Misimu kadhaa iliyopita, asubuhi moja ya ukungu kama zilivyo asubuhi zetu za mwezi wa sita, mzee mmoja mkulima wa kahawa alifika ofisini kabla hatujafungua madirisha. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti. Akaniuliza, "Mwanangu, daftari langu mmempa nani?" Nilipomwambia kwamba hatujampa mtu, akanieleza kuwa jana yake jioni mnunuzi mmoja binafsi alifika nyumbani kwake, akamtajia deni lake la mbolea hadi shilingi ya mwisho, akamtajia na kilo alizouza msimu uliopita, kisha akamwambia kwamba chama kitamkata fedha yote, na kwa hiyo ni afadhali amuuzie yeye kahawa ingali mtini, alipwe taslimu usiku uleule. Wenzetu wa Kagera huiita biashara hiyo butura, na kila anayeijua anajua ni nani hubaki na hasara. "Deni hilo," mzee akasema, "hata mke wangu sijamwambia." Alilisema kwa sauti ya chini, amevua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili, nami nikakosa la kumjibu.

Siku hiyohiyo tulifungua kumbukumbu za mfumo. Huenda wasomaji wengine hawafahamu kwamba mifumo ya wingu huandika kila anayeingia, saa aliyoingia na alichofungua, na huzitunza kumbukumbu hizo kwa muda mrefu. Mfumo uitwao Snowflake, kwa mfano, huhifadhi historia ya maombi ya kusoma taarifa kwa siku 365, muda unaotosha kutoka mavuno hadi mavuno. Katika mfumo wetu tulikuta ukurasa wa mzee umefunguliwa siku nne kabla, saa tatu na dakika arobaini na saba usiku, kwa akaunti ya kituo cha mizani ambacho hufungwa saa kumi na mbili jioni. Tulidhani tumempata mhusika. Lakini akaunti ile haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kituo, na nywila yake ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha boksi kilichobandikwa nyuma ya mizani ili kila karani wa zamu aione. Tukahesabu walioijua: makarani sita, meneja, mhasibu, kijana aliyetusimikia mfumo, na watu watatu ambao walikwisha kuacha kazi, mmoja wao yapata miezi minane kabla. Watu kumi na wawili walikuwa wakitumia jina moja.

Dhuluma ikaanzia hapo. Bodi ilikuwa na hasira ya haki na ilitaka jina la mtu, na kwa kuwa kumbukumbu hazikuweza kulitoa, lawama ikamwangukia binti mmoja aliyekuwa zamu siku ile, karani mgeni kuliko wote, asiye na ndugu wa kumsemea. Alisimamishwa kazi miezi miwili bila mshahara. Ushahidi haukupatikana, akarudishwa bila kuombwa radhi, na mwisho wa msimu akaondoka mwenyewe. Nilikuwa nimefanya naye kazi kwenye mizani moja na najua alivyokuwa akirudia kusoma kilo mara mbili ili mkulima asiyejua kusoma asikie vizuri. Hadi leo hakuna anayeweza kusema ni nani aliyefungua ukurasa ule, na mimi niliyekuwa nikisimamia takwimu sikuwa nimewahi hata siku moja kupendekeza kila mtu apewe akaunti yake, kwa hiyo sehemu ya lawama naibeba.

Tangu wakati huo nimejitahidi kujifunza jinsi mifumo hii inavyogawa ruhusa, na kilichonishangaza ni kwamba dawa ya maradhi yetu inajulikana tangu zamani. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa kompyuta wa chuo cha MIT nchini Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila mtumiaji na kila programu inapaswa kuwa na ruhusa zile tu zinazohitajika kukamilisha kazi yake, na kwamba kinga inayohitaji funguo mbili ni imara kuliko ya ufunguo mmoja, kwa kuwa funguo zikitenganishwa, ajali moja au hila ya mtu mmoja haitoshi kufungua. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walieleza kwa utaratibu wazo la kuifunga ruhusa kwenye wadhifa badala ya kuifunga kwa mtu: mfumo unautambua wadhifa wa karani wa mizani, unaupa yale anayoyahitaji karani wa mizani, kisha mtu anavikwa wadhifa huo anapoanza kazi na kuvuliwa anapoondoka. Mifumo mikubwa ya wingu inayotumika leo inafuata njia hiyo, ikitofautiana katika majina na mpangilio tu.

Akina mama wa mtaani kwetu hawakuhitaji kusoma makala hizo. Kasha la kikundi chao cha VICOBA lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, na anayelitunza kasha nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Mshika ufunguo akihamia kwa mwanawe Iringa, jambo la kwanza katika kikao kinachofuata ni kuukabidhi ufunguo huo kwa mwingine mbele ya wote, kabla hisa hata moja haijanunuliwa. Nimehudhuria kikao cha namna hiyo nikimsindikiza mama yangu mkubwa, na sikusikia mtu akiona kwamba anatukanwa kwa kuambiwa arudishe ufunguo.

Sasa niseme kwa nini katika mfumo wa wingu kosa la kugawa ruhusa huwa kubwa kuliko mtu anavyodhani. Taarifa humo zimepangwa kwa ngazi. Katika BigQuery ya Google, kwa mfano, kuna mradi, ndani ya mradi kuna makundi ya taarifa, na ndani ya makundi kuna majedwali. Ruhusa inayotolewa juu hushuka hadi chini, kama maji yanavyoteremka kutoka Mlima Rungwe na kufikia kila bonde bila kuomba njia. Ukimpa karani ruhusa ya kutazama katika ngazi ya mradi kwa sababu ulikuwa na haraka na alihitaji jedwali moja tu la kilo, umempa pia jedwali la madeni, la namba za simu, la namba za akaunti za benki, na la kila kitakachowekwa humo mwaka ujao. Tena kwa utaratibu wa kawaida huwezi kumnyima huku chini kile ulichokwisha kumpa kule juu. Ni lazima upande tena juu ukakiondoe. Nimeona ofisi inayojisifu kwamba imelifungia jedwali la madeni, na kweli jedwali lenyewe halikuwa na jina la mtu yeyote, kumbe nusu ya wafanyakazi walikuwa wakiingia kwa ruhusa ya mradi.

Jambo lingine ambalo viongozi wetu wengi hawalitofautishi ni kuona na kubadilisha. Mwenyekiti anastahili kuona jumla ya makusanyo ya kila kituo wakati wowote anaotaka, na hilo halina mjadala. Lakini mwenyekiti hana kazi yoyote inayomtaka abadilishe kilo za mkulima, na kumwekea uwezo huo ni kumtega. Siku kilo za mtu zitakapopungua, kila mwanachama atauliza ni nani waliokuwa na uwezo wa kuzigusa, na jina lake litakuwamo. Nimeshuhudia wazee wa bodi wakikasirika walipoambiwa kwamba watapunguziwa ruhusa, wakauliza kama wanaonekana wezi. Nawaomba wazee wetu kwa heshima zote walitazame jambo hili vinginevyo, kwa sababu asiye na uwezo wa kubadilisha hawezi kushtakiwa kwamba amebadilisha, na kinga hiyo ni yake kabla ya kuwa ya mkulima.

Ruhusa inaweza kupunguzwa hata ndani ya jedwali moja. Mifumo hii inao uwezo wa kumwonyesha karani wa kituo safu za wakulima wa kituo chake pekee, na wa kuficha namba ya simu ili zionekane tarakimu za mwisho tu, huku mhasibu anayelipa akiiona yote. Uwezo huo upo tayari, ila mahali pengi haujawashwa kwa kuwa hakuna aliyeulizwa siku mfumo unasimikwa.

Kuhusu uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila na kisha namba ya siri inayopatikana kwenye simu, nitakuwa na maneno zaidi, kwa sababu hapa tunajidanganya. Katika ofisi moja niliyowahi kuitembelea, akaunti kuu ya mfumo ilikuwa imesajiliwa kwa namba ya simu ya mwenyekiti. Karani alipotaka kuingia, mfumo ulituma namba ya siri kwenye simu ya mwenyekiti, naye siku hiyo alikuwa ndani ya basi akirudi kutoka Dar es Salaam. Karani akampigia. Tukamsikia mwenyekiti akitaja tarakimu moja baada ya nyingine kwa sauti ya kushindana na injini, "nne, nne tena, sifuri," mbele ya abiria wote, na karani akaziandika kwenye kiganja cha mkono kabla ya kuzibonyeza. Kila aliyekuwapo aliona kwamba usalama umefuatwa, kwa kuwa namba imetumwa na namba imeingizwa. Lakini hatua ya pili ina maana pale tu simu inapokuwa ya yule anayeingia. Na wanaosema kwamba vijijini kwetu mtandao ni dhaifu na ujumbe unachelewa, wanasema kweli, ila zipo programu za simu zinazotoa namba ya uthibitisho hata pasipo mtandao, kwa sababu namba hukokotolewa ndani ya simu yenyewe kwa kufuata saa. Karani aliye kwenye kituo cha mlimani anaweza kuitumia ilimradi saa ya simu yake iko sawa.

Mwaka 2024 ulimwengu uliona gharama ya kupuuza hatua hiyo. Wezi waliingia katika akaunti za wateja wengi wa Snowflake, na wachunguzi wa Mandiant, kampuni iliyo chini ya Google, walieleza kwamba mashirika yapatayo 165 yaliarifiwa kuwa huenda yameguswa. Hawakukuta kwamba mfumo wenyewe umevunjwa. Walikuta nywila halali za wateja, zilizoibwa kwa programu hasidi kutoka kwenye kompyuta za watumiaji, nyingine zikiwa zimeibwa tangu mwaka 2020 na hazijabadilishwa, katika akaunti zisizo na uthibitisho wa hatua mbili. Baadhi ya kompyuta hizo zilikuwa za wakandarasi, ambao walizitumia pia kwa michezo na kupakua programu zisizolipiwa. Kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilitangaza Julai mwaka huo kwamba kumbukumbu za simu na ujumbe za karibu wateja wake wote wa simu za mkononi, za miezi kadhaa ya mwaka 2022, zilikuwa zimechukuliwa. Nasoma habari hiyo na kuikumbuka kompyuta ya ofisi yetu ambayo jioni watoto wa mlinzi huangalizia filamu, na kijana aliyetusimikia mfumo ambaye hadi leo akaunti yake inafanya kazi kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika tarehe ya kuifunga.

Kuna akaunti nyingine ambazo husahaulika kabisa, nazo ni zile zisizo za binadamu. Programu inayotuma ujumbe kwa wakulima ina ufunguo wake, na ile inayopeleka orodha ya malipo benki ina wake. Ufunguo huo ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao mtu yeyote akiunakili anaweza kusoma kila kilichoruhusiwa kwa programu hiyo, bila kuulizwa jina wala namba ya simu. Nimewahi kuuona umetumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili fundi aupate haraka, na fundi aliupata, na watu wengine wote wa kundi hilo, wakiwamo waliokwisha kuhama, waliupata pia. Ufunguo wa namna hiyo ukishaonekana haufichiki tena. Hufutwa, ukatengenezwa mwingine.

Sheria yetu haiko kimya. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inahesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na awe na afisa wa kusimamia ulinzi wake. Deni la mbolea la yule mzee halikuwa siri ndogo ya kijijini ya kupuuzwa; ni taarifa ambayo Bunge limeona inastahili kinga ya pekee. Chama kinachokusanya madeni na malipo ya wakulima elfu moja, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja kilichoezekwa bati karibu na ghala, kimebeba wajibu huo.

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba kumpa kila karani akaunti yake ni gharama. Kwa mifumo inayotoza kwa kila mtumiaji, hoja hiyo ina uzito na inafaa ipigiwe hesabu. Lakini ipo mingi, Snowflake na BigQuery zikiwamo, ambayo hutoza kwa kiasi cha taarifa kinachotunzwa na kazi ya kompyuta inayofanyika, wala si kwa idadi ya watu walioandikishwa, na kwa hiyo watu kumi na wawili kutumia jina moja hakuokoi hata shilingi. Itasemwa pia kwamba hatuna wataalamu. Ni kweli hatuna wengi, na ndiyo sababu nasema jambo hili lisiachwe mikononi mwa wataalamu peke yao. Anayejua ni nani ameajiriwa, nani amehamishwa na nani ameondoka ni meneja na katibu, wala si fundi wa kompyuta aliye mjini. Fundi hawezi kufunga akaunti ya mtu ambaye hakuambiwa kwamba ameacha kazi.

Hapo ndipo ninapofikia ombi langu kwa vyama, kwa halmashauri, na kwa kila ofisi inayotunza taarifa za watu katika mikoa yetu. Mtumishi anapoondoka, tunayo hati ya makabidhiano, na tunaiheshimu. Anarudisha muhuri, funguo za ghala, vitabu vya stakabadhi, pikipiki na kofia yake, kishikwambi na chaja yake, na kila kimoja kinatiwa saini na pande mbili. Nimeona makabidhiano yaliyosimama nusu siku kwa sababu ya jeki ya pikipiki. Katika hati hiyohiyo sijaona mstari unaouliza: anayeondoka alikuwa na akaunti zipi, alikuwa na wadhifa gani katika mfumo, ni programu zipi alizishikia funguo, na je, vyote hivyo vimefungwa leo, na ni nani aliyehakikisha? Mstari huo ukiongezwa na ukawa sharti la mtu kulipwa stahiki zake za mwisho, akaunti za watu walioondoka zitafungwa siku ileile bila kununua programu yoyote mpya. Anayehama kutoka mizani kwenda uhasibu naye ajaze hati hiyo, kwa kuwa hao ndio hubeba ruhusa za zamani wakaongezewa mpya juu yake, hadi baada ya miaka mitano mtu mmoja anaweza kupokea mzigo, kuupima, kuuandika na kuulipa peke yake.

La pili ni akaunti ya juu kabisa, ile inayoweza kumpa na kumnyima mtu yeyote. Snowflake yenyewe inawashauri wateja wake kwamba ruhusa hiyo wawe nayo watu wasiopungua wawili, ili mmoja akiugua au akisafiri ofisi isisimame, na kwamba isitumike kwa kazi za kila siku. Kwetu mara nyingi hushikwa na mtu mmoja, naye huitumia kwa kila kitu kwa sababu haimkatalii kitu. Ninashauri washike wawili waliotajwa kwa majina kwenye muhtasari wa kikao, na kila mmoja wao awe na akaunti nyingine ndogo kwa kazi zake za kawaida.

Wanachama wa ushirika hawakubali mtu awe mtia saini wa akaunti ya benki ya chama bila azimio la mkutano. Akistaafu au akiondolewa, muhtasari unapelekwa benki na saini yake inafutwa. Lakini anayeweza kufungua madeni ya wanachama wote, au kubadilisha kilo zao, huteuliwa kwa simu moja kati ya meneja na fundi, na wanachama hawamjui. Naona hao wawili wana uzito ule ule, na wapaswa kupitia mlango mmoja.

Mimi mwenyewe ni mwanachama wa chama cha msingi cha kijijini kwetu, ambako nina miche michache ya kahawa niliyorithi kwa baba. Nimewasilisha kwa maandishi ajenda katika mkutano mkuu ujao, nayo nimeiandika hivi: "Kupokea na kuthibitisha orodha ya wenye ruhusa katika mfumo wa taarifa za wanachama, ikiwa na majina yao, kazi zao, wanachokiona, wanachoweza kubadilisha, na tarehe ambayo ruhusa ya kila mmoja itakoma." Katibu ameipokea na kuipanga baada ya taarifa ya mkaguzi. Nimemwomba orodha hiyo isibandikwe ukutani tu, bali isomwe kwa sauti, jina baada ya jina, na polepole, kwa sababu wengi watakaokuwa wameketi mbele ni wazee, na ni madeni yao yaliyomo humo.

Wako katika ushirika,

Karani wa takwimu,
Rungwe, Mbeya